Duka Lisilokosea

Jamhuri ya Nderemo haimo katika ramani yoyote, na wenyewe husema ni kwa sababu za kiusalama. Ni nchi yenye amani kubwa. Amani yake ni kubwa kiasi kwamba mtu akipiga chafya barabarani, wapita njia husimama kidogo kuangalia kama ana kibali. Humo, katika mji wa Kivumo, aliishi mwanamke aitwaye Asumini, ambaye majirani walimwita Mama Pili, na kazi yake ilikuwa kuuza kanga.

Aliziuza tangu ujana wake, katika duka la milango miwili mtaa wa Sokoni, duka alilorithi kwa shangazi yake. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na haraka ya kuwa tajiri. Mumewe, Mwalimu Shamte, alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na alikuwa na kasoro moja iliyojulikana mtaa mzima: alipenda kuuliza. Darasani kasoro hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake. Baada ya kustaafu ikabaki kasoro tupu.

Mambo yalianzia kwenye simu. Kampuni iitwayo Letewa ilifungua duka ndani ya simu za watu, wananchi wakaanza kununua kwa kidole. Unagusa picha ya kiatu, pikipiki inafika mlangoni na kiatu. Lilikuwa jambo zuri, na Serikali ya Nderemo ikiona jambo zuri haiwezi kuliacha bila kulilazimisha. Bunge likapitisha Sheria ya Kununua kwa Kidole. Kuanzia hapo duka lolote lenye mlango likahesabiwa kuwa ushahidi wa maisha ya kizamani. Waziri wa Biashara na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Makeke, alikwenda kwenye televisheni akaeleza kwamba mlango wa duka ni hatari kwa afya, kwa kuwa watu huupitia.

Asumini alifunga kama wenzake. Maofisa wa manispaa walikuja wakapigilia mbao kwenye milango yake, kisha wakamwomba apige makofi kwa ajili ya picha. Alipiga. Mpiga picha akasema hayakusikika vizuri, akapiga tena. Kanga zake zilichukuliwa na Letewa kwa bei iliyopangwa na Letewa, na jioni hiyo aliporudi nyumbani alikaa kitandani akinusa mikono yake, maana bado ilikuwa na harufu ya nguo mpya.

"Mama Pili," Mwalimu Shamte alimwambia, "nchi ikikataza milango, watu watapita wapi?"

"Baba Pili, nakuomba," alisema Asumini, "swali hilo liulizie humu humu ndani."

Haukupita muda mrefu, Serikali ikatangaza ugunduzi. Letewa, kwa msaada wa wataalamu kutoka ng'ambo, ilikuwa imevumbua nyumba. Ndani ya nyumba hiyo bidhaa zimepangwa, mtu anaingia kwa miguu yake mwenyewe, anashika kitu, anakigeuza, anakinusa, kisha anaondoka nacho papo hapo. Uvumbuzi huo uliitwa Kituo cha Mguso. Cha kwanza kilijengwa Kivumo, mtaa wa Sokoni, mahali palipokuwa na yale maduka yaliyopigiliwa mbao, na ili kupata nafasi maduka yalibomolewa pamoja na mbao zake.

Kwa kuwa jambo lilikuwa geni, wananchi waliitwa kwenye semina ya namna ya kuingia dukani. Mkufunzi alichora mlango ubaoni. Alieleza kwamba mtu huukabili mlango kwa uso, kisha hutanguliza mguu, wa kulia au wa kushoto, sera bado ilikuwa haijaamua. Asumini, aliyekuwa amekaa dukani maisha yake yote, alipewa cheti cha ngazi ya awali. Mwalimu Shamte hakupewa, kwa sababu alimuuliza mkufunzi kama kutoka nako kuna semina yake.

Siku ya ufunguzi ilikuja na bendi, mahema na magari ya polisi. Mheshimiwa Makeke alisimama jukwaani, tumbo likiwa mbele na karatasi mkononi.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumekwenda mbele kwa kasi. Tumekwenda mbele mpaka tumetokea huku nyuma, mahali ambapo hakuna taifa lingine lililowahi kufika kwa njia hii. Wenzetu wa nchi jirani wananunua madukani kwa sababu hawajui namna nyingine. Sisi tunanunua madukani kwa sababu tunajua."

Makofi yalipigwa kwa muda uliopangwa. Yalipokwisha, Mwalimu Shamte alikuwa amesimama, mkono juu, kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Kama hili ndilo duka, lile la mke wangu tulilolifunga lilikuwa nini?"

Hata bendi ilinyamaza, na ilikuwa haipigi. Asumini alishika pindo la shati la mumewe akalivuta chini, lakini Shamte alikuwa ameshika mkao wa darasani.

Waziri alitabasamu. "Swali zuri sana. Jina lako nani, mzee wangu?"

Shamte alitaja jina lake lote, na la baba yake, na kwa kuwa ni mwalimu, akaeleza na namna linavyoandikwa.

"Ahsante," alisema Waziri. "Swali lako tumelichukua."

Nchini Nderemo, kitu kilichochukuliwa na Serikali mtu haulizi tena kiko wapi. Walirudi nyumbani peke yao, na watu waliozoea kuongozana nao njia ile siku hiyo wote walikuwa na dharura upande mwingine.

Meneja wa Kituo cha Mguso aliitwa Bwana Gaudensi. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya mtu anayempasha mgonjwa habari. Alimfuata Asumini nyumbani akamwomba aje kusimamia upande wa nguo, maana watu waliingia, wakazitazama zile nguo ndani ya nailoni, wakatoka bila kuzigusa. "Una mkono, mama," alimwambia. "Watu wakikuona wewe, watashika." Asumini alikubali. Pensheni ya mwalimu katika Nderemo hutolewa kwa njia ya shukrani, na shukrani haipikiki.

Duka lilikuwa kubwa, jeupe, lenye baridi kama jokofu. Lakini maajabu yake yalikuwa rafu za majina. Kila kaya ya mtaa ilikuwa na rafu yake, na jina limewashwa taa juu yake. Kwa miaka mingi Letewa ilikuwa imesikiliza simu za watu: wametafuta nini, wametazama nini wakaghairi, wamezungumza nini simu ikiwa mezani. Kutokana na hayo ilikuwa na mfumo unaojua kila mtu atahitaji nini, na kitu chake kilikuwa kikimsubiri rafuni kabla hajajua kwamba anakihitaji.

Mwanzoni watu walicheka. Fundi bomba mmoja, Maganga, alikuta magongo ya kutembelea kwenye rafu yake, akayaacha pale akaenda zake. Kabla ya mwezi kwisha akaanguka kutoka juu ya paa. Alirudi dukani amebebwa mgongoni, na magongo yakamkaa sawasawa kwapani. Mtaa ulipiga vigelegele. Mheshimiwa Makeke akaja kupigwa picha na Maganga, na hapo ndipo alipotoa ile kauli iliyokuja kubandikwa kila ofisi: Letewa haikosei. Bungeni ikawa sheria. Mtu akisema duka limekosea, yeye ndiye aliyekosa, na kosa lake lilikuwa na kifungo.

Sasa Serikali ya Nderemo watu huiita majina mengi, lakini haijawahi kuwa na uvivu wa kufikiri pale penye faida. Siku moja kinyozi wa mtaani alikuta rafuni kwake blanketi la kukwaruza na kikombe cha bati. Alimwonyesha askari aliyekuwa mlangoni, kwa mzaha. Askari hakucheka. "Blanketi la nini, kama huendi mahali?" alimuuliza. Kinyozi hakuwa na jibu, na kukosa jibu kukatosha. Aliondoka na blanketi lake. Baada ya hapo mtu fulani katika ofisi fulani akagundua kwamba si lazima kusubiri mfumo uone. Mfumo ungeweza kusaidiwa kuona. Ofisi ikiagiza blanketi kwa jina la mtu, blanketi linafika, na likishafika, nani atabisha?

Kisha zikaja kaniki.

Kaniki ni kitambaa cheusi, na katika Nderemo hakivaliwi ila na mjane. Asumini aliifungua ya kwanza asubuhi moja, kutoka kwenye boksi lililokuwa na sufuria na taulo, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Bi Perpetua, jirani yake wa nyumba ya tatu. Mume wa Perpetua, Ambokile, alikuwa dereva wa lori, naye wiki hiyo alikuwa amekataa kubeba watu bure kwenda kumshangilia Waziri. Asumini aliiweka rafuni kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Perpetua alikuja kuchukua sufuria, akakiona kile kitambaa.

"Mama Pili, hii ya nini? Mume wangu yuko safarini tu."

"Labda..." Asumini alianza, akatazama juu kwenye kamera, akamalizia, "labda ni ya kushonea pazia."

Lori la Ambokile lilikutwa limeegeshwa vizuri kando ya barabara kuu, milango imefungwa, funguo zinaning'inia ndani, na kofia yake juu ya kiti. Redio ilitoa rambirambi kabla mtu yeyote hajaenda kutafuta. Perpetua alirudi dukani, na Asumini ndiye aliyemsaidia kuifunga kaniki, kwa kuwa mikono ya Perpetua mwenyewe ilikuwa haishiki. Alipotoka nje watu walimpa pole kwa sauti ndogo, na hakuna aliyetaja jina la marehemu, maana mtu ambaye hajaonekana amekufa na hajaonekana yu hai, jina lake ni la hatari.

Baada ya Perpetua walikuja wengine. Asumini alizoea kuijua kaniki kabla boksi halijafunguliwa, kwa harufu ya rangi yake, harufu ya chuma kilicholowa. Asubuhi akiisikia, alianza kusoma majina polepole.

Asubuhi aliyosoma la kwake, hakupiga kelele. Alikaa juu ya boksi. Mwalimu Shamte alikuwa ameamka mzima, amekula mihogo, amelalamika kwamba chumvi imezidi, kisha amemsindikiza mpaka kona akiwa na kandambili na redio yake ndogo sikioni. Asumini alikunja kitambaa kikawa kidogo, akaenda nacho ofisini kwa meneja.

"Meneja, kuna kitu nataka kurudisha."

"Kina kasoro, mama?"

"Hakina. Ila sikihitaji."

Bwana Gaudensi alikitazama bila kukigusa. "Bidhaa ambayo haijahitajika hairudishwi, mama. Inasubiri."

"Na ikishahitajika?"

"Ikishahitajika inakuwa imetumika. Iliyotumika nayo hairudishwi." Aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Ningekuwa na uwezo ningekupa siku ya mapumziko."

Mwishoni mwa duka kulikuwa na Rafu za Heshima, za wakubwa, zenye vioo na taa za rangi ya dhahabu, na Asumini ndiye aliyezifuta vumbi. Alichukua kitambaa cha kufutia vumbi mkono mmoja na kaniki mkono mwingine. Baadaye alijisemea kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Lakini mkono haujui kusoma, na yeye alisimama mbele ya kila kioo akasoma, mpaka akafika palipoandikwa Familia ya Mhe. Dkt. Makeke. Humo mlikuwa na marashi na viatu vya kike vya ngozi laini. Alivisogeza viatu kando ili kitambaa kipate nafasi.

Mchana ule ule alikuja mke wa Waziri, Bi Leokadia, mdogo sana kwa umri kuliko mumewe, akaiona kaniki, akaondoka mbio bila kuchukua viatu wala marashi. Muda si mrefu ving'ora vikasikika. Mheshimiwa Makeke aliingia na walinzi wake, akasimama mbele ya rafu yake, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Hii imekosewa," alisema.

Duka zima lilisikia. Mlinzi wake aliyekuwa karibu naye, mtu aliyemfungulia mlango wa gari miaka yote, alisogeza miguu hatua moja kwenda upande.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Bwana Gaudensi kwa upole. "Unasema duka limekosea?"

"Sisemi hivyo. Nasema duka liko sahihi, isipokuwa..." Alitafuta neno. Alilitafuta juu kwenye taa, akalitafuta sakafuni. Sheria aliyoiandika mwenyewe haikuwa imebakiza neno hata moja la kumfaa. "Duka liko sahihi," alisema tena, akatoka. Kwenye gari alijifungulia mlango mwenyewe.

Kabla ya wiki kwisha, redio ilitangaza kwa masikitiko kwamba Mheshimiwa Waziri amefariki baada ya kuugua ghafla akiwa safarini. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba alisafiri. Wakubwa wenzake walipoulizana, ikaonekana kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeagiza, na kila mmoja alikuwa ametekeleza sehemu yake.

Bi Leokadia alirudi peke yake, bila dereva. Alimwomba Asumini amwonyeshe namna kaniki inavyofungwa.

"Umewafunga wangapi, mama?" aliuliza, mikono yake ikiwa imeinuliwa kama mtoto anayevishwa.

"Wengi, mwanangu."

"Siku ile alirudi akakaa mezani, hakula. Alikuwa akisema tu, haikosei, haikosei, kama mtu anayejifunza wimbo. Watoto wakadhani ni mchezo, wakawa wanaitikia." Alitazama chini kwenye vidole vya Asumini. "Ahsante. Mikono yako ina huruma."

Asumini alikwenda stoo akasimama kati ya maboksi mpaka saa ya kufunga duka. Aliporudi nyumbani alimkuta Mwalimu Shamte amekaa uani, anamenya mihogo, mzima, anapiga mluzi. Siku zote zilizofuata hakuweza kumtazama mumewe usoni akila.

Kisha Bwana Gaudensi akamwita ofisini. Alimkaribisha kiti, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Asumini alijiona mwenyewe, kutoka juu, akivisogeza viatu vya ngozi laini.

"Kampuni imefurahi sana, mama," alisema meneja.

Asumini alitazama mlango.

"Nasema kweli. Makao makuu walitazama mara nyingi. Ni mara ya kwanza mfumo kujifunza kitu kwa binadamu. Marehemu hakuwa mtu wa kutabirika, na wewe ulimwona." Alisimama, akafungua mlango wa nyuma uliokwenda bohari, akawasha taa. Marobota yalikuwa yamepangwa mpaka dari, na ile harufu ya chuma kilicholowa ilimpiga Asumini usoni. "Hili ni agizo la Serikali la mwaka ujao. Halina majina. Kuandika majina kunachosha ofisi, wakubwa wanagombana, huyu akimtaja wa yule. Wameonelea kazi hiyo apewe mtu mwenye mkono. Utakuwa Msimamizi Mkuu wa Upangaji. Wafanyakazi wote watakusikiliza wewe. Utapanga unavyoona, na utakavyopanga ndivyo itakavyokuwa."

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekukataza kukataa, mama." Alitazama kwa mbali rafu yake Asumini, ambayo siku hiyo haikuwa na kitu. "Rafu yako iko wazi. Ni jambo zuri, rafu iliyo wazi."

Aliomba ruhusa akazungumze na mumewe. Alipewa, kwa sharti kwamba kesho yake afike mapema.

Mwalimu Shamte alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kisu cha mihogo kilibaki mkononi. Alipomaliza kusikia habari ya kaniki iliyokuja kwa jina la mkewe, akauliza swali moja.

"Makeke alikuwa na watoto?"

"Wawili. Mmoja hajaanza shule."

Shamte aligeuza kisu mkononi. "Ungeiacha pale ilipokuwa, Mama Pili."

"Ningeiacha, halafu nani angekuja kunifunga mimi?" Alimgeukia. "Usinisemeshe kama uliyeko darasani. Uliuliza swali lako ukakaa chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikilijibu kila asubuhi."

Shamte aliweka kisu chini. Hakuwa amewahi kusemeshwa hivyo, na aliona kwamba alistahili. Alisogea akakaa karibu naye kwenye kigoda, bega kwa bega.

"Na sasa wanataka uchague wewe," alisema.

"Wanataka nichague. Ya mwaka mzima. Yale marobota, Baba Pili, ukiyaona. Yanatosha mji mzima." Alijisikia mwenyewe alivyosema, akarudia polepole, si kwa mumewe bali kwa nafsi yake. "Yanatosha mji mzima."

Asubuhi alifika mapema kama alivyoagizwa. Akawakusanya wafanyakazi, akawaambia yeye ndiye msimamizi wa upangaji, na kwamba marobota yafunguliwe yote. Walimsikiliza, kwa sababu Nderemo mtu akipewa cheo hata ukuta humsikiliza. Walikata, wakakunja, wakapanga. Hakuna rafu iliyorukwa. Maganga wa magongo alipata, na mke wa kinyozi, na mkufunzi wa semina. Askari wa mlangoni alipata. Mama yake Bwana Gaudensi alipata. Kisha Asumini akaenda Rafu za Heshima akaweka mwenyewe, kioo baada ya kioo: jaji mkuu, mkuu wa polisi, spika, yule wa ofisi fulani. Rafu ya juu kabisa ilikuwa na taa moja zaidi ya nyingine, na jina lililokuwa pale watu hawalitaji bila kusimama wima. Alipanda ngazi akaweka na pale. Mwisho akaweka kwenye rafu yake mwenyewe.

Milango ilipofunguliwa watu waliingia wakacheka kidogo, halafu wakatazamana.

"Mama," Bwana Gaudensi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kumpasha mgonjwa habari, ilikuwa ya mgonjwa. "Umefanya nini?"

"Nimepanga, baba. Kama nilivyoona."

Alipiga simu makao makuu. Makao makuu yaliuliza mfumo unasemaje. Akajibu mfumo unasema zimefika. Basi, makao makuu yalisema, zikifika zimefika. Mkuu wa polisi alituma askari waje kuzikusanya, lakini askari walikwama kwenye rafu zao wenyewe, wakisoma majina ya wake zao. Hakuna aliyeweza kusema duka limekosea. Na hakuna aliyetaka kupokea amri kwa mkubwa ambaye kaniki ya mkewe ilikuwa inaonekana wazi nyuma ya kioo. Siku hiyo katika mji wa Kivumo kila mlinzi alimtazama aliyemlinda, na kila aliyelindwa alichagua kukaa mgongo ukiwa ukutani.

Alasiri, Mtukufu Rais alihutubia taifa. Alianza kwa kusema kwamba ana afya njema, akarudia hilo katikati, na akalirudia tena kabla ya kumaliza. Alisema Letewa haikosei. Kwa hiyo, kwa mamlaka aliyopewa, alitangaza maombolezo ya kitaifa. Bendera zishushwe nusu mlingoti, na kila raia, mwanamume kwa mwanamke, ajifunge kaniki mpaka itakapotolewa taarifa nyingine. Jina la marehemu lingetangazwa litakapopatikana.

Asumini na Mwalimu Shamte walitoka kwenda nyumbani kwa miguu. Mji wote ulikuwa mweusi. Wauza mihogo walikuwa weusi, madereva wa wakubwa walikuwa weusi, askari walikuwa wamejifunga kaniki juu ya mikanda ya bastola. Watu walipeana pole bila kujua ni ya nini, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa makini, kama anayepima. Vipaza sauti juu ya nguzo za umeme vilirudia kila baada ya muda kwamba jina bado linatafutwa, wananchi wawe watulivu.

Bi Perpetua alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake, na kaniki yake ilikuwa imepauka kuliko za wengine wote.

"Poleni," alisema.

"Na wewe pole," alisema Shamte.

"Wanatafuta jina." Perpetua aliinua kichwa kuelekea kwenye kipaza sauti. "Mimi wangu jina analo. Ambokile." Alilitamka kwa sauti, barabarani, jina ambalo mtaa haukuwa umelisikia tangu lori lilipokutwa. "Ambokile Mwasenga."

Askari wa kona alisikia. Alitazama kulia na kushoto kumtafuta mkubwa wa kumwambia kama amesikia au hakusikia. Hakumwona. Akabaki amesimama pale pale, mkono juu ya mkanda.

Perpetua alimgeukia Asumini. Alimtazama yeye, akamtazama Shamte aliyesimama kando yake akiwa mzima, na redio yake mfukoni.

"Na wewe, Mama Pili, mumeo huyu hapa. Kaniki hii umemvalia nani?"

Shamte alimshika mkewe mkono, lakini Asumini aliutoa taratibu.

"Makeke," alisema.

Perpetua alidhani ni utani, akataka kucheka, mpaka alipomwona uso. Ndipo akasogea kwenye kizingiti, akampisha nafasi akae.